Mita Nne na Nusu za Poplini

Foleni ya duka la kaya ilipangwa na mawe. Usishangae, mwanangu. Usiku wa manane, mji umelala, mtu anatoka kwake na jiwe mkononi, analiweka mbele ya mlango wa duka nyuma ya mawe ya wenzake, kisha anarudi kitandani. Alfajiri kila mmoja anakuja kusimama penye jiwe lake. Wengine waliweka tofali bovu, wengine ndala moja iliyokatika mkanda, na kulikuwa na bibi mmoja wa mtaa wa pili aliyeweka kata ya kubebea ndoo, akiamini hakuna mwenye roho ya kuiba kata ya mjane. Ugomvi mkubwa pale Magomeni haukuwa wa madeni wala wa mipaka ya viwanja; ulikuwa wa nani kasogeza jiwe la nani. Jua likishapanda, mlango unafunguliwa nusu, muuzaji anatoa kichwa na kutangaza kilichokuja: leo sabuni, mche mmoja kwa kadi, leo unga, kilo tano kwa kaya, leo hakuna. Hilo la mwisho tulilisikia kuliko yote.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha tangu mwaka 1979, na Mwalimu, rais wetu wakati ule, alikuwa ametuambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Tulifunga. Miezi ikapita, mkanda ukaongezwa tundu, kisha tundu jingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwishavunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya umefungwa, mafuta yamepanda bei duniani, mvua nazo zikawa za kubahatisha. Wasomi wameandika vitabu juu ya sababu hizo na wanagombana mpaka leo. Sisi tulizijua kwa njia nyingine. Tulizijua kwa harufu ya unga wa njano kutoka Marekani tuliouita yanga, ambao ukiupika sebule nzima inanuka kama gunia lililonyeshewa. Kwa chai ya mchaichai isiyo na majani wala sukari. Kwa majani ya mpapai ambayo dada zangu waliyaponda na kufulia nguo, yakitoa povu jepesi la kijani na kuacha mashuka yakinuka kama shamba. Mshahara wa kima cha chini ulikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Sembe dukani iliuzwa shilingi mbili na nusu kwa kilo, bei ambayo ilikuwa nzuri sana ila kwa kasoro moja: sembe yenyewe haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa nyuma ya mlango, kwa bei ya kuruka, na kwa hiyo bei shilingi 600 ilikuwa haifiki hata tarehe kumi.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Tulikaa nyumba ya vyumba sita, ile ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na ua nyuma, si mbali na nyumba aliyokaa Mwalimu kabla hajahamia Ikulu, na Baba alipenda kuwaambia wateja kwamba kiti alichokalia ni kikuukuu kuliko serikali. Alikuwa na Singer ya kukanyaga kwa miguu barazani, futi shingoni, chaki sikioni, na kikohozi ambacho hatukukitilia maanani. Alishona kanzu. Nguo za kike alizishona pia, lakini jina lake lilikuwa la kanzu. Watu walitoka mpaka Temeke kumfuata kwa ajili ya ile darizi ya shingoni. Nguo zilipoadimika, kazi yake ikageuka. Akawa mtu wa kugeuza kola, kupunguza suruali ya baba imtoshe mtoto, kutoa magauni mawili ya watoto kwenye doti moja la kanga lililochakaa. Siku nyingine cherehani ililala na kitambaa chake cha kuifunikia tangu asubuhi hadi magharibi, naye ameketi pembeni yake akiipaka mafuta ambayo haikuyahitaji.

Chumba cha mbele upande wa kushoto alikaa mpangaji ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nesi. Mwanamke wa Kilimanjaro, Mkatoliki, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa na wazima kwa kipimo kimoja. Alikuwa akirudi zamu ya usiku kwa miguu kwa kukosa basi, sare yake imetiwa kanji ya muhogo mpaka inasimama peke yake, na harufu ya Dettol ikimtangulia ukumbini kabla yake. Alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa. Mwanzoni mwa mwaka 1983 kaka yake alishuka kutoka Moshi na kifurushi kilichozungushwa gazeti: mita nne na nusu za poplini nyeupe kutoka upande wa pili wa mpaka, iliyopita njia za panya. Ilikuwa ya gauni la komunyo ya kwanza. Mama Nesi aliileta kwa Baba usiku, akaikunjua juu ya meza chini ya taa, na Baba akaishika kwa vidole viwili, akaisugua karibu na sikio kama anasikiliza saa. Akasema tu, "Hii nguo." Akampima mtoto, akaandika vipimo nyuma ya kalenda, akaifungia poplini kwenye droo ya cherehani asubiri siku ikaribie, maana watoto wa umri ule hukua usiku mmoja.

Kabla siku haijakaribia, likaja jambo jingine. Sokoine alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu mwezi wa Februari, na kufikia mwisho wa Machi vita dhidi ya wahujumu uchumi ilikuwa imeanza. Redio ilitaja walanguzi waliokamatwa, sabuni zilizokutwa darini, sukari iliyozikwa. Watu wengi walifurahi, nami nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitamani kumwona mlanguzi wa mtaa wetu akipandishwa Land Rover. Lakini woga haukuchagua mkubwa na mdogo. Watu walitupa vitu usiku, wenye mali nyingi na wenye katoni moja. Maduka yaliyokuwa na kitu yakabaki na rafu. Na sisi, nyumba ya fundi maskini, tulikuwa na mita nne na nusu za nguo ya magendo kwenye droo. Mama akataka irudishwe kwa mwenyewe. Baba akakataa. "Amenipa niitunze," akasema. "Nikimrudishia leo kwa sababu naogopa, basi sikuwa natunza, nilikuwa nahifadhi tu wakati hakuna hatari."

Baba alifariki mwezi wa Mei, masika yakiwa yanamalizika. Kile kikohozi kilikuwa kifua kikuu, na tulipokitambua muda ulikuwa umekwenda. Hospitali tuliyompeleka ilimpokea vizuri, ikampa kitanda, na dawa ikatuandikia kwenye karatasi tukatafute. Sitalizungumza zaidi ya hapo. Alikata roho nyumbani, saa nane za usiku, Mama amemshika mkono na Maalim wa msikitini amekaa kichwani akimtamkisha shahada. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hivi kwamba Maalim alilazimika kuinama mpaka ndevu zikamgusa Baba sikioni.

Kulipokucha, wazee walikaa barazani kupanga mazishi, na jambo la kwanza likawa sanda. Leo unaingia duka lolote la Kariakoo unanunua. Wakati ule sanda ilikuwa ya kibali. Unakwenda kwa balozi wa nyumba kumi anaandika barua, barua inakwenda tawini inapigwa mhuri, kutoka tawini inakwenda ofisi ya biashara, huko wakikubali unaandikiwa upate mita kadhaa za bafta kutoka ghalani, kama ghala lina bafta. Ami yangu mdogo alitumwa na barua tangu saa kumi na mbili. Saa tatu akarudi amelowa: afisa wa kutia sahihi hayupo, aje kesho. Maiti haingoji kesho, hasa wakati ule wa joto la baada ya mvua.

Ndipo shangazi akasema kile ambacho kila mtu alikuwa amekifikiria. Fundi kafa ana nguo nyeupe kwenye droo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imefunika mpaka nyusi, na tangu usiku hakuwa amesema neno. Akafunua uso. "Ile ni amana," akasema. "Ya Mungu na ya yule mtoto. Nikimzika mume wangu na kitu cha watu bila wao kujua, atakwenda kumwambia nini Munkari na Nakiri?" Shangazi akanyamaza. Mmoja akapendekeza mashuka; yetu yalikuwa ya maua, na yamefuliwa kwa mpapai mpaka yamekuwa rangi ya maji ya mfereji. Maalim akasema kwa utulivu kwamba tusihangaike, Mwenyezi Mungu hakumkalifisha mtu kwa asichokuwa nacho, na kwamba nguo moja yenye kusitiri mwili wote inatosha kisheria hata kama vipande vitatu ndiyo sunna. Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nami nakwambia, mwanangu, katika maneno yote ya dini niliyowahi kusikia, ya mihadhara na ya vipaza sauti, hakuna yaliyonishusha moyo ukatulia kama yale, kwa sababu yalikuja bila mapambo, kwa mtu aliyevaa kanzu yenye kiraka.

Mama Nesi alitokea mlangoni muda huohuo, anatoka zamu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa hajui. Aliona viatu vingi barazani, akajua. Hakulia, aliingia moja kwa moja mpaka kwa Mama, akapiga magoti kwenye mkeka na sare yake ile, wakashikana. Baadaye akauliza kama nesi anavyouliza: maji yamechemshwa? Mwoshaji amekuja? Sanda? Alipoambiwa habari ya kibali alisimama, akaniita kwa jina, akasema, "Fungua droo ya baba yako." Nikamtazama Mama. Mama akaanza kukataa, Mama Nesi akamkata: "Wewe usinifundishe kitu changu. Yule mtoto atampokea Yesu hata akiwa na gauni la shule. Yesu hatazami mshono." Maalim akacheka. Ndiyo, barazani pa msiba, Maalim alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kilemba, na wazee wengine wakacheka kidogo kwa aibu, na hapo ndipo kilio kilipotoka kwa wale waliokuwa hawajalia, mimi nikiwemo.

Poplini ile ilikuwa nyembamba kwa mtu mzima. Ikabidi ikatwe vipande viwili na kuunganishwa ubavuni iwe shuka moja pana. Wakanikalisha mimi kwenye cherehani. Nilikuwa nimefundishwa mshono ulionyooka tangu nikiwa na miaka kumi, nikapitisha mshono mmoja tu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na miguu yangu kwenye kibati cha kukanyagia ilikuta mahali palipolika kwa nyayo zake. Harufu iliyotoka kwenye nguo ilikuwa ya kiwandani bado, ile ya kanji mpya na karatasi, harufu ambayo hatukuwa tumeisikia nyumbani kwetu karibu miaka miwili. Pamba ilitolewa kwenye mto wake mwenyewe.

Kabla ya kuoshwa, akaingia mzee aliyekuwa rafiki yake wa bao, Alhaji, aliyekwenda Maka kwa meli zamani na kurudi na ihramu zake mbili. Alizitunza sandukuni miaka yote azikwe nazo yeye. Alikuwa ameleta moja, imekunjwa pamoja na karafuu maiti, na alipoikunjua chumba chote kilijaa ile harufu baridi inayopanda puani kama mnanaa. "Nimegawa," akasema. "Moja yake, moja yangu. Nikifa nchi ikiwa bado haina nguo, nitatosheka na moja kama tulivyosikia kwa Maalim. Ikiwa ina nguo, watoto wangu watanunua, wasipate pa kujificha." Kwa hiyo Baba akazikwa na vipande viwili, cha ndani kimefika Maka na cha nje kimevuka mpaka kwa magendo.

Balozi wa nyumba kumi naye alikuwepo, lazima awepo. Alikuwa mtu mzuri, lakini wakati ule mtu mzuri mwenye daftari alikuwa wa kuogopwa zaidi, maana aliamini anachoandika. Wakati jeneza halijafunikwa alisogea kuaga. Akainama. Nilimwona, mwanangu, kwa macho haya: vidole vyake viliteleza kwenye ukingo wa ile poplini, vikasimama, vikasugua kidogo. Alikuwa amewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo. Hakuna kitambaa cha nchi hii ambacho asingekijua. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mama Nesi aliyesimama kwenye mlango wa chumba chake. Kisha akavuta ile nguo kidogo, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu fundi wetu. Nguo nzuri," akatoka. Tukamchukua Baba makaburini Kinondoni kwa miguu, tukipokezana begani, matope mpaka magotini, na nyuma yetu Wakristo wa nyumba zile wamechanganyika na waumini huwezi kujua nani ni nani ila kwa kofia.

Watu wa rika langu wakikumbuka miaka ile hupenda kusema kwamba shida ilitufanya tuwe kitu kimoja. Mimi siungi mkono. Shida ileile ilimfanya jirani yetu wa kulia afiche sabuni uvunguni huku mtoto wa dada yake ana upele. Ilifanya watu wachongeane kwa balozi kwa sababu ya kilo ya sukari. Waliotoa hawakutoa kwa sababu ya shida. Walitoa kwa sababu walikuwa na mtu wa kumwogopa ambaye si polisi. Mama Nesi alikuwa na wake, Maalim na Mama wakawa na wao, na nikikaa leo nikifikiri, naona walikuwa wanamwogopa huyohuyo mmoja, ila hilo waulize wanaojua zaidi.

Kibali kilitoka siku ya tatu. Usicheke. Tumekaa kwenye kisomo cha kumaliza matanga, ami akaingia na karatasi ina mihuri miwili, na kesho yake akarudi kutoka ghalani na mita nane za bafta, halali kabisa, zimeandikwa jina la marehemu. Ami akasema tuziuze. Kwa bei ya kuruka zingetulisha mwezi mzima, na si uongo, tulikuwa tunakula mlo mmoja. Mama akachukua bafta, akapima kwa mkono wake mita nne na nusu, akanipa mkasi. Zilizobaki akazifunga na kuziweka juu ya kabati, na kabla ya mfungo wa Ramadhani zilikwishapata mwenyewe wa mtaa wa pili.

Mama Nesi alipojua tunachotaka kufanya alikuja juu. Mtoto avae sanda kwenda kanisani? Mama akamjibu kwamba yeye ndiye aliyesema Mungu hatazami mshono, sasa anatazama kitambaa? Walibishana ukumbini muda mrefu kwa sauti za chini, wanawake wawili wajane, maana Mama Nesi naye alikuwa amefiwa na mumewe kwa ajali ya gari zamani, mpaka yule binti mwenyewe akatoka na kusema anataka lasi shingoni. Ikawa imekwisha. Lasi tuliitoa kwenye foronya ya harusi ya Mama. Vipimo vilikuwepo nyuma ya kalenda kwa mwandiko wa Baba. Niliongeza inchi moja urefu, kwa sababu ya kukua. Lilikuwa gauni la kwanza nililoshona peke yangu. Bafta ni nguo ngumu, haina mwanguko, na kwa mbali mtoto alionekana kama bahasha. Siku ya Jumapili yenyewe Mama alivaa buibui lake, akatusindikiza mpaka uwanja wa kanisa, akakaa nje chini ya mti na wanawake wengine wa mtaa akisubiri watoke. Padre alipowatoa wale watoto kwa msafara, Mama akasimama na kunionyesha kwa kidole, "Wetu yule," kana kwamba mimi sikumjua.

Sokoine alifariki ajalini mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, akitoka Dodoma, na mtaa ule uliokuwa umemwogopa ukalia kwa sauti. Mwaka 1985 Mwalimu akang'atuka, Mzee Mwinyi akaingia, mitumba ikamwagika, sabuni zikarudi kwenye rafu kwa bei zilizotufanya tuzitazame tu. Nami nikashona kwenye cherehani ile mpaka niliposomesha wadogo zangu watatu. Usidhani pia kwamba wale wanawake wawili waliishi kama malaika. Waligombana kwa zamu ya bomba na kuku wa Mama aliyekuwa akiingia chumbani kwa Mama Nesi, wakanuniana tangu Mwinyi alipoapishwa hadi Krismasi, na Krismasi yenyewe Mama Nesi akaleta sahani ya pilau ya kuku aliyechinjwa na Maalim, kama ilivyokuwa desturi ili wote tule, akaiweka mbele ya Mama bila kusalimu. Mama akala. Alhaji aliondoka mwaka 1991, nchi ina nguo tele; watoto wake walinunua, hawakupata pa kujificha.

Mama alipofariki, Mama Nesi alikuwa amestaafu na kuhamia Kimara. Alikuja kwa daladala, na fimbo, akiongozwa na yule binti ambaye sasa ni mama wa watoto wanne. Alikaa kwenye mkeka kwa taabu, akapewa kikombe cha chai, akaonja, akakirudisha kwenye sinia. Wanawake wote wakanyamaza wakidhani atasema neno la huzuni. "Nani kapika chai hii?" akauliza kwa sauti ileile ya wodini. "Sukari imejaa Kariakoo nzima, mnamfichia nani?"